Mjomba, kifua hakifunguliwi

Shikamoo Mjomba,

Nakuandikia hadharani kwa sababu simu utaikata nikitaja tu Muhimbili, na kwa sababu kila ukoo una mzee kama wewe: akipanda ngazi kifua kinambana, akisimama kinaachia, halafu anasema ni gesi.

Umeambiwa ukapigwe picha ya mishipa ya moyo pale Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, ukasikia neno upasuaji, ukaanza kugawa minazi. Subiri kwanza. Upasuaji wa tundu dogo hauna msumeno. Unachomwa ganzi kwenye kifundo cha mkono au kwenye paja, daktari anapitisha mrija mwembamba ndani ya mshipa hadi kwenye mishipa inayoulisha moyo, anaingiza rangi, eksirei inaonyesha palipobana. Mara nyingi mgonjwa yuko macho na anaongea. Pakihitaji kuzibuliwa, unapita waya, linafuata puto dogo, linajazwa, mshipa unatanuka. Kisha inawekwa stenti, kimrija cha wavu wa chuma ambacho hakitolewi tena.

Wewe unaogopa, lakini mwaka 1929 daktari kijana wa Kijerumani, Werner Forssmann, alijiingizia mrija mkononi mwenyewe hadi moyoni, akatembea kwenda kupigwa eksirei ili watu waamini. Nobel aliipata mwaka 1956. Puto lilikuja baadaye: Andreas Grüntzig alilitumia mara ya kwanza kwenye mshipa wa moyo wa mgonjwa aliye macho huko Zürich, Septemba 1977.

Nisikufiche, hatari zipo: kuvuja damu pale palipochomwa, mara chache kiharusi au shambulio la moyo, na ile rangi inaweza kuzielemea figo. Una kisukari, kwa hiyo wakumbushe, na metformini, ile dawa ya sukari, uitaje kwa jina.

Ila ninachokuogopea si waya. Watu husema mshipa umezibuliwa kama bomba la maji, lakini yale mafuta yaliyoubana hayakutolewa. Yamekandamizwa ukutani tu, na ugonjwa bado unao. Ndiyo maana utapewa aspirini na klopidogreli ili damu isigande juu ya kile chuma. Klopidogreli huwa ni ya miezi kadhaa, mara nyingi hadi mwaka. Aspirini kwa kawaida inaendelea. Ukiviacha vidonge hivyo ghafla, stenti inaweza kuziba na ukapata shambulio la moyo. Nami nakujua: vidonge vya presha uligawana na jirani. Hata anayekung'oa jino asikuachishe kabla ya kuongea na daktari wako wa moyo.

Na una haki ya kuuliza kama stenti inakufaa. Utafiti mkubwa uliotolewa mwaka 2020, wa wagonjwa zaidi ya 5,000 ambao hali yao ilikuwa imetulia, haukuonyesha kwamba kuwahi kuzibua kunapunguza vifo kuliko kuanza na dawa, ingawa waliozibuliwa walipata nafuu zaidi ya maumivu. Waliobanwa kwenye mshipa mkuu wa kushoto unaoulisha moyo hawakuhusishwa. Lakini maumivu yakikukuta umekaa tu, jasho linakutoka, hapo usiulize mtu. Kimbia hospitali.

Siku ya kwenda beba dawa zako zote kwenye mfuko mmoja, hata ile mizizi unayochemsha usiku. Baadhi ya mitishamba huzidisha kuvuja damu, na lazima wataiulizia.

Mpwa wako