Kabla ya Jumamosi, pangeni Unity zenu

Wakuu, za jioni. Jumamosi ni palepale Sinza, saa 4 asubuhi, na safari hii hatutafuti madirisha ya Unity, programu yetu ya kutengenezea magemu, nusu saa. Panga Scene (unapojengea gemu) na Game (linapochezwa) pembeni kwa pembeni, Console (ya ujumbe wa makosa) chini, kisha hifadhi kwenye kitufe cha Layout, juu kulia.

Kubwa zaidi: ingia Preferences, Colors, weka Playmode tint, yaani rangi ya Unity gemu likiwa linacheza, iwe kali ili usisahau kwamba linacheza. Yangu chungwa. Juzi nilirekebisha kasi ya bajaji yangu saa nzima huku gemu linacheza. Kulizima tu, namba zote zikarudi za zamani. Nilitamani kulia.

Wenye laptopu ndogo, Shift na Space hukuza dirisha lenye kishale cha kipanya.

Chaja msisahau, soketi ni mbili tu.