Barua ya wazi kwa Waziri wa Uchukuzi: tangazo peke yake halijafunga njia ya ndege

Mheshimiwa Waziri wa Uchukuzi,
Jamhuri ya Muungano wa Tanzania.

YAH: USALAMA WA NDEGE ZINAPOTEMBEA ARDHINI WAKATI VIWANJA VIKIENDELEA KUJENGWA

Mheshimiwa, nakusalimu kwa heshima. Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Serikali inajenga na kupanua viwanja vya ndege, na sisi tuliotumia umri wetu ndani ya uzio wa viwanja hivyo tunafurahi. Tabora, Kigoma, Shinyanga, Sumbawanga, majina haya yamesomwa bungeni mara nyingi pamoja na urefu wa njia, ukubwa wa jengo la abiria na asilimia ya utekelezaji. Jambo moja silisikii. Ndege inapoendelea kutua na kuruka huku tipa likimwaga kokoto hatua chache kutoka kwenye njia ileile, nani anahakikisha hivyo viwili havikutani? Kiwanja kipya kama Msalato kinajengwa kwenye eneo lisilo na ndege, hakininyimi usingizi. Naogopa kile kinachokarabatiwa huku kinafanya kazi: nusu imefungwa, nusu inatumika, na mpaka kati ya nusu hizo unajulikana zaidi kwenye karatasi kuliko kwenye lami.

Najua jibu la kwanza nitakalopewa: notamu hutolewa. Ni kweli, marubani hupewa tangazo kwamba njia fulani, kuanzia saa fulani, imefungwa. Naomba nikueleze yaliyowapata watu waliokuwa na tangazo hilo mkononi.

Usiku wa tarehe 31 Oktoba 2000 uwanja wa Chiang Kai-shek, Taipei, Taiwan, ulikuwa ukipigwa na mvua na upepo wa kimbunga Xangsane. Boeing 747-400 ya Singapore Airlines, safari ya SQ006 kwenda Los Angeles, ilipewa ruhusa ya kuruka kwa kutumia njia 05L, yaani ya kushoto. Sambamba na hiyo ilikuwepo 05R, ya kulia, ambayo kipande chake cha kati kilifungwa tangu katikati ya Septemba kwa ajili ya ujenzi. Marubani walijua kwamba 05R imefungwa. Wakakata kona mapema kuliko walivyotakiwa, wakaingia humohumo, wakafungulia injini, na ndege ikavaa vizuizi vya zege na mitambo ya kuchimbia iliyoegeshwa mbele yao. Ndani walikuwemo watu 179. Waliokufa ni 83.

Ukitaka kuwalaumu marubani, sababu zipo. Kifaa kilichokuwa mbele yao kiliwaonyesha kwamba hawajakaa kwenye mstari wa 05L, hawakukizingatia, na wachunguzi wa Taiwan walilisema hilo bila kumung'unya maneno. Lakini itazame njia waliyopita kwa macho ya mtu aliye usiku kwenye mvua. Taa za kijani za katikati ya kiungio, yaani njia ndogo ambayo ndege hupita kwenda kwenye njia ya kurukia, ziliwapinda vizuri kabisa hadi ndani ya 05R. Zile za kuendelea mbele hadi 05L zilikuwa chache, moja imezimika na nyingine hafifu. Mlangoni mwa 05R hapakuwa na kizuizi wala alama ya msalaba ya kuonyesha kwamba pamefungwa, kwa kuwa njia hiyo bado iliruhusiwa kupitishia ndege zinazotembea. Waongoza ndege mnarani hawakuweza kuiona kwa sababu ya mvua, na uwanja haukuwa na rada ya kuona vilivyoko ardhini. Karatasi ilisema hapana. Taa zilisema karibu.

Tarehe hiyohiyo, miaka 21 kabla, DC-10 ya Western Airlines ilikuwa inatua Mexico City alfajiri kwenye ukungu. Njia 23L ilikuwa imefungwa kwa ujenzi, marubani walishaambiwa watue 23R iliyo kando yake. Wakatua kwenye iliyofungwa na kugonga lori lililobeba udongo. Walikufa watu 72 waliokuwa ndani ya ndege na mmoja aliyekuwa chini. Manchester, Uingereza, tarehe 16 Julai 2003, Mungu alisaidia. Mwisho wa njia ulikuwa umefungwa, mafundi na magari yao wakiwa kazini, na Boeing 737 ikaanza kuruka kana kwamba njia ina urefu wake wote. Ilipita juu ya magari hayo kwa futi 56, kama mita 17 hivi. Taarifa za kupunguzwa kwa njia walikuwa wamepewa pia.

Utaniambia viwanja vyetu havina msongamano wa huko. Hilo ndilo linalonitia wasiwasi zaidi. Kwenye kiwanja chenye ndege nne kwa siku, dereva wa tipa anazoea. Anajua ndege ya asubuhi imeshaondoka na ya mchana haijafika, kwa hiyo anavuka bila kuuliza, na siku ndege ya wagonjwa au ya kukodi itakapokuja nje ya ratiba atakuwa katikati ya njia. Lexington, Kentucky, Marekani, nako ni kiwanja cha kawaida tu. Tarehe 27 Agosti 2006, kabla ya mapambazuko, ndege ndogo ya abiria iliyotakiwa kuruka kwa njia kuu iliingia njia fupi yenye urefu wa mita 1,067, isiyo na taa. Kati ya watu 50, alipona mmoja, rubani msaidizi. Njia kuu ilikuwa imetoka kuwekwa lami upya, na ndege zilikuwa zimebadilishiwa kiungio cha kufikia mwanzo wake; chati walizokuwa nazo marubani hazikuonyesha uwanja kama ulivyokuwa asubuhi ile. Mnarani alikuwepo mwongozaji mmoja tu, akifanya kazi za watu wawili. Rubani msaidizi alishangaa kukosa taa, nahodha akaitikia, wakaendelea. Katika uwanja unaojengwa, mtu huacha kushangaa, maana kila kitu kiko nusunusu.

Mheshimiwa, pale Julius Nyerere tuna njia kuu 05/23 ya kilomita tatu, na tuna 14/32 ya kama kilomita moja tu, inayotumiwa na ndege ndogo. Sisemi kwamba kuna hatari leo. Nasema siku viungio vya pale vitakapofungwa kwa matengenezo na ndege kubwa zikaelekezwa kupita zisikozoea, asubuhi ya masika, mtu aliyesoma ripoti ya Lexington awe amekaa kwenye kile kikao cha kupanga.

Sasa nije kwenye hoja yangu. Kwetu kiwanja kinachojengwa kina mikono mingi. Ujenzi umewahi kuwekwa chini ya TANROADS, ambao kazi yao tunayoifahamu ni barabara. Anayekiendesha ni TAA, Mamlaka ya Viwanja vya Ndege. Anayeongoza ndege ni TCAA, Mamlaka ya Usafiri wa Anga, ambaye ndiye pia mdhibiti wa usafiri wa anga, yaani anafanya kazi na kujikagua. Yupo mhandisi mshauri, yupo mkandarasi, wapo wakandarasi wadogo wenye matipa ya kukodi. Saa 11 alfajiri, mvua ikinyesha, koni zimepeperushwa na upepo na ndege ya kwanza iko dakika 20, ni nani kati ya hawa mwenye mamlaka ya kusema kazi isimame, na ikasimama, bila kumpigia mtu simu Dodoma?

Nimekaa kwenye vikao ambavyo swali hilo liliulizwa na kila mtu akamtazama mwenzake. Sitataja ni wapi. Mkandarasi anahesabu siku, kwa sababu akichelewa anakatwa. Meneja wa kiwanja anaambiwa mradi ni wa wakubwa. Mwongoza ndege anaona sehemu ya uwanja tu, tena mchana.

Naomba basi awepo mtu mmoja kwa kila kiwanja, kwa jina na kwa barua ya uteuzi, asiye mwajiriwa wa mkandarasi, ambaye neno lake linasimamisha mitambo na halimgharimu kazi yake. Kila alfajiri kabla ya ndege ya kwanza, yeye na mwongoza ndege wapite kwa gari njia yote ambayo ndege itatembea, wakitazama kile ambacho rubani atakiona kutoka kwenye kiti chake. Taa inayoelekea kulikofungwa izimwe, na kama mkondo wa umeme ni mmoja na haiwezekani kuizima peke yake, ifunikwe. Kiambatisho cha 14 cha ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, kinaelekeza njia iliyofungwa ichorwe msalaba, mweupe kwenye njia ya kurukia na wa njano kwenye kiungio. Hilo ni la lazima kabisa, ila msalaba wa rangi chini ya maji ya mvua usiku hauonekani. Ule unaowaka taa ndio unaoonekana, pamoja na vizuizi vyenye taa nyekundu mlangoni penyewe, si mita mia tano ndani.

Vyote hivi ni fedha, na hapa ndipo mambo huharibikia. Vizuizi, misalaba ya taa, gari la kusindikiza matipa na redio zake vikiandikwa kwenye BOQ, yaani orodha ya kazi na bei za mradi, kama fungu la jumla la "usalama", mkandarasi atalibana fungu hilo kwanza, maana ndiko anakopata faida yake. Viandikwe kimoja kimoja, kwa idadi na kwa bei, na visipoonekana uwanjani visilipwe. Lugha nayo isisahaulike. Mnara unazungumza Kiingereza redioni, dereva wa tipa anazungumza Kiswahili, na msimamizi wake mara nyingi anazungumza Kichina. Hakuna sababu ya kumpa huyo dereva redio na kumwombea dua. Tipa lisivuke bila gari la kusindikiza lenye mtu anayeelewana na mnara.

La mwisho ni taa mpya. Viwanja vingi vya mikoani vilikuwa vya mchana tu, na sasa vinafungwa taa ili ndege zitue usiku. Kitakuja kipindi, kwenye kila kiwanja, ambapo taa zimeshawaka na mkandarasi hajaondoka. Yeyote anayejua ukungu wa kiwanja cha Songwe, Mbeya, anaelewa naongelea nini. Naomba ndege za usiku zisianze hadi mtambo wa mwisho umetoka nje ya uzio, hata kama siku ya uzinduzi imeshatangazwa.

Nitashukuru jibu likitolewa hadharani kuhusu lile swali moja: kwa kila kiwanja kinachojengwa sasa, mwenye mamlaka ya kusimamisha kazi anaitwa nani na anapatikana kwa simu gani saa 11 alfajiri.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mstaafu wa maegesho ya ndege,
Dar es Salaam.

Nakala: Mkurugenzi Mkuu, TAA, Mkurugenzi Mkuu, TCAA, Mtendaji Mkuu, TANROADS.