Malalamiko kuhusu Hifadhi ya Watambaazi Waliouzwa katika Maonyesho ya Nakuru

Kwa Mkurugenzi Mkuu,
Kampuni ya Waandalizi wa Maonyesho ya Wanyama wa Kufugwa Nyumbani,
Nakuru.

Bwana/Bibi,

MINT: HIFADHI MBOVU YA WATAMBAAZI WANAOUZWA KATIKA MAONYESHO YENU

Ninaandika kulalamikia namna nyoka, mijusi, kobe na vinyonga walivyohifadhiwa katika maonyesho mliyoyaandaa hapa Nakuru mwezi wa Julai, ambayo niliyahudhuria Jumamosi na Jumapili kama mgeni aliyelipa kiingilio. Nilikuwa afisa wa mifugo hadi nilipostaafu, kwa hiyo sikuja na dhana kwamba mnyama hafai kuuzwa. Nimesimamia minada ya ng'ombe, nimekagua soko la kuku, na sina ugomvi na mtu anayetafuta riziki yake. Malalamiko yangu yanaihusu kampuni yenu moja kwa moja, kwa sababu mengi niliyoyaona hayakuwa katika uwezo wa wauzaji kuyarekebisha hata kama wangetaka.

Kubwa kuliko yote ni baridi. Jumamosi jioni, ukumbi ulipofungwa, umeme ulizimwa kote isipokuwa taa za walinzi, na wauzaji waliotoka mbali wakaambiwa waache wanyama wao pale pale mezani hadi asubuhi. Nakuru iko takriban mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa Julai joto huweza kushuka hadi karibu nyuzi 10. Mtambaazi hazalishi joto la mwili wake kama afanyavyo ng'ombe au binadamu. Hulitafuta nje, kwa kuota jua au kulalia jiwe lililopata moto, na linapomzidi hukimbilia kivulini. Chatu mdogo wa Afrika Magharibi, ambaye alikuwa akiuzwa kwenye meza kadhaa, huhitaji upande mmoja wa makao yake uwe na joto la nyuzi 31 hivi na upande wa pili nyuzi 25 au 26, ili achague mwenyewe mahali pa kulala. Yule mjusi wa Australia mwenye miiba kidevuni huhitaji mahali pa kuota penye joto la karibu nyuzi 40. Mnyama wa namna hiyo akishalishwa kisha akapigwa na baridi usiku kucha, mmeng'enyo husimama, chakula humwozea tumboni au akakitapika, na kinga ya mwili wake hudhoofika hata akapata maradhi ya mapafu, ambayo huenda yasionekane mpaka mnunuzi awe amekwisha kumfikisha nyumbani. Ndiyo maana baadhi ya wauzaji walikuwa wamekuja na mikeka ya umeme ya kupasha joto, lakini mkeka huo unafaa nini soketi ikizimwa na mwenye ukumbi saa kumi na mbili jioni?

Nilipomweleza mfanyakazi wenu jambo hili mlangoni, alinijibu kwa upole, "Mzee, nyoka hasikii baridi." Simlaumu kijana yule, kwa kuwa hakuna aliyemfundisha. Nawalaumu ninyi mliomweka pale. Hakuna mfugaji wa Njoro wala Bahati ambaye angeacha vifaranga wa siku moja usiku kucha bila taa ya kuwapasha joto, na angalau kifaranga anayesikia baridi hulia mtu akasikia. Nyoka hunyamaza tu.

Vyombo vyenyewe vilikuwa ile mikebe ya plastiki ya kuhifadhia chakula, inayoonyesha ndani pande zote, mingine ikiwa imepangwa moja juu ya mwenzake, na ndani yake nyoka asiye na nafasi ya kujinyoosha hata nusu ya urefu wake. Hakuna mkebe hata mmoja kati ya hiyo niliouona ukiwa na kitu cha kujifichia. Mtu anayewajua wanyama hawa anafahamu kwamba nyoka au mjusi mdogo aliyewekwa mahali peupe, chini ya taa kali, huku watoto wakigonga kifuniko kwa vidole, huwa hajatulia hata akiwa hasogei. Amejikausha kwa woga. Wengine walikuwa wakisukuma pua kwenye kifuniko bila kukoma, na wawili kati yao walikuwa wamechunika hadi nyama ya mdomo ikaonekana.

Vinyonga ndio walionisikitisha zaidi. Kinyonga ni mnyama anayependa kukaa peke yake, juu ya tawi, penye hewa inayopita. Kumwona mwenzake tu kunatosha kumtia wasiwasi. Hapa walikuwa wamerundikwa pamoja katika sanduku la kioo lisilo na kijiti, rangi zao zimekolea weusi, na maji yao yamewekwa katika kisahani, ilhali kinyonga hulamba matone kwenye majani na anaweza kukauka kwa kiu akiwa amesimama kando ya kisahani hicho. Baadhi yao walikuwa wale wa pembe tatu, ambao kwao ni nyanda zetu za juu. Wengi wetu katika sehemu hizi tulilelewa tukimwogopa kinyonga na hata kumpiga mawe, na maonyesho kama yenu yangeweza kuiondoa hofu hiyo kwa watoto. Walichojifunza watoto niliowaona ni kutikisa sanduku ili abadilike rangi.

Najua jibu litakalotolewa, kwa sababu nililisikia kutoka meza hadi meza: ni siku mbili tu. Ni siku mbili kwa mgeni. Kwa mnyama, kuna safari ya kuja, usiku wa kabla ya kufunguliwa, siku zenyewe, na safari ya kurudi ikiwa hakununuliwa, kisha mji mwingine na ukumbi mwingine, naye angali katika mkebe ule ule.

Kuhusu sheria, Sura ya 360 ya Sheria za Kenya inakataza ukatili dhidi ya wanyama. Aidha, Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013 imeiweka biashara ya wanyamapori chini ya vibali, na vinyonga wa pembe tatu pamoja na kobe wetu wa nchi kavu wako chini ya CITES, mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini; kobe bapa alihamishiwa Kiambatisho cha Kwanza cha mkataba huo, yaani orodha yenye masharti makali kuliko zote, mwaka 2019. Niliwauliza wauzaji wa kobe walikowatoa, nikajibiwa kwa kicheko. Sikuona kibali kimebandikwa popote, na kwenye meza yenu ya usajili hakuna aliyeweza kuniambia kama vilikuwa vimekaguliwa. Huko Uingereza, tangu mwaka 1983 sheria imekataza kabisa biashara ya kuuza wanyama vipenzi barabarani na katika vibanda vya soko. Mimi siombi marufuku.

Jambo jingine, ambalo ni jepesi kurekebisha: watambaazi wengi hubeba bakteria wa salmonela bila wao wenyewe kuugua, na watoto wa chini ya miaka mitano ndio walio hatarini zaidi. Watoto walikuwa wakipokezana mijusi kisha wakila vibanzi, na bomba la maji lililokuwa karibu lilikuwa nje, nyuma ya vyoo.

Haki inanitaka niseme kwamba muuzaji mmoja alifanya yote ipasavyo. Kila chombo chake kilikuwa kimefunikwa kitambaa cheusi pande tatu, kina kipimajoto, gome la mti la kujifichia na maji safi. Hakuruhusu mtu kumshika mnyama, na jioni aliondoka nao wote kwa gari kurudi Lanet. Kwa hiyo hakuna atakayesema haiwezekani. Naomba masharti ya meza yake yawe masharti ya kila meza, yaandikwe katika mkataba wa kukodisha nafasi, na atakayeyavunja afungashe siku hiyo hiyo. Naomba pia umeme wa meza za watambaazi usizimwe usiku, au wanyama wapewe chumba chenye joto na mlinzi. Daktari wa mifugo azungukie meza kabla ya milango kufunguliwa. Vibali vikaguliwe wakati wa usajili. Na maji na sabuni viwekwe ndani ya ukumbi.

Sihitaji kurudishiwa pesa za tiketi. Nahitaji jibu la maandishi, lenye kutaja ni lipi kati ya haya mtakalolifanya na ni lipi hamtalifanya, kabla hamjaanza kukodisha meza za maonyesho yajayo. Nakala ya barua hii nimeipeleka katika afisi ya daktari wa mifugo wa kaunti na afisi ya Shirika la Huduma kwa Wanyamapori hapa Nakuru.

Wako mwaminifu,
Afisa wa mifugo mstaafu,
Mkazi wa Nakuru.