Dada yangu alijitokeza, karatasi zake ndizo hazikuonekana

Ndugu Mhariri,

Nimekuwa msomaji wa gazeti lako tangu nilipoajiriwa kuwa karani wa mizigo stesheni, na katika miaka yote hiyo sijawahi kukuandikia, ingawa nimesoma mengi kuhusu mikoa yetu ya magharibi ambayo yalistahili kujibiwa. Makala yenu ya juma lililopita kuhusu wanaoruhusiwa kujiunga na majaribio ya tiba ya saratani ya ovari imenishinda kuivumilia. Iliorodhesha vigezo vizuri, kisha ikamalizia kwa kusema kwamba wanawake wa mikoani hawaonekani katika majaribio hayo kwa sababu hawajitokezi. Dada yangu alijitokeza. Mimi ndiye niliyemshika mkono.

Sina ugomvi na vigezo vyenyewe. Naelewa kwamba dawa ambayo haijathibitishwa haiwezi kugawiwa kwa kila anayeihitaji, na kwamba ukichanganya wagonjwa wa kila namna hutajua kama aliyepona amepona kwa dawa au kwa sababu nyingine. Jaribio la dawa iitwayo olaparibu ambalo matokeo yake yalitangazwa mwaka 2018 liliwachukua wanawake 391 tu, wenye saratani iliyofika hatua ya tatu au ya nne, waliokuwa wamepata nafuu kwa dawa za platinamu, na waliokuwa na hitilafu katika vinasaba vya BRCA. Masharti hayo yalikuwa na maana, kwa kuwa dawa ile huziba njia ambayo seli hutumia kujikarabati, na seli yenye hitilafu ya BRCA imekwisha kupoteza njia nyingine. Baada ya miaka 7, wanawake 67 kati ya kila 100 waliopewa dawa walikuwa hai, na kwa waliopewa vidonge bandia ni kama 47. Nani atabishana na hesabu kama hiyo?

Ambacho mwandishi wenu hakukisema ni kwamba kila kigezo ni swali, na kila swali hujibiwa kwa karatasi.

Dada yangu aliishi Nguruka, huku mkoani Kigoma. Alipofika umri wa miaka 58 vitenge vyake vilianza kumbana kiunoni huku mikono ikizidi kukonda, akawa anakula vijiko vitatu vya ugali na kusema ameshiba. Kwa miezi saba alitibiwa vidonda vya tumbo. Hatimaye alifanyiwa upasuaji katika hospitali ambayo sitaitaja, kipande cha nyama kikapelekwa maabara, na majibu yakarudi baada ya wiki tisa. Alisafiri kwa treni kila baada ya siku 21 kwenda kupata dawa za saratani, yaani karboplatini, ambayo ndiyo ya platinamu, na paklitakseli, na kila safari maelezo yaliandikwa katika daftari la shule la kurasa 48, lile lenye jedwali la kuzidisha kwenye jalada la nyuma, kwa sababu hilo ndilo alilotakiwa kununua mlangoni. Alipata nafuu. Alirudi kuuza sokoni. Ugonjwa uliporudi, mpwa wangu aliyeko Dar es Salaam alipata habari za jaribio la dawa katika nchi jirani, akaandika barua pepe, na wahusika wakamjibu siku ya tatu kwa heshima kabisa, wakimtumia maswali manane. Walitaka kujua aina ya seli na daraja lake, hatua ya ugonjwa, dawa alizopewa na mizunguko mingapi, tarehe ya dozi ya mwisho ya platinamu, majibu ya BRCA, hali ya damu, figo na ini, kama anaweza kutembea na kujihudumia, na kama kile kipande cha nyama kilichohifadhiwa ndani ya nta kinaweza kutumwa kwao. Tuliweza kujibu maswali mawili. Tarehe ya dozi ya mwisho ilikuwa ndani ya daftari, lakini masika ya mwaka ule maji yaliingia hadi chini ya kitanda, na ukurasa uliokuwa na tarehe hiyo ulibaki na wingu la wino wa bluu na nusu ya muhuri. Na tarehe hiyo, Mhariri, ndiyo iliyokuwa roho ya jambo zima! Ugonjwa ukirudi kabla ya miezi sita tangu platinamu ya mwisho huhesabiwa kuwa umekuwa sugu kwa dawa hiyo, ukirudi baadaye huhesabiwa kuwa bado unaisikia, na majaribio mengi huchukua kundi moja na kuacha lingine. Nilikwenda mwenyewe hospitalini kutafuta faili. Nilikaa kwenye benchi siku mbili. Siku ya kwanza niliambiwa nirudi kesho, siku ya pili niliambiwa faili halionekani, na nilipouliza kuhusu kile kipande cha nyama kijana wa dirishani aliniuliza, kwa mshangao wa kweli, ninataka kukifanyia nini.

Ilibidi achomwe sindano ya kuchukua nyama upya, tukasubiri upya. Wataalamu wana kipimo cha kupanga nguvu za mgonjwa kuanzia 0 hadi 4. Sifuri ni mtu anayefanya shughuli zake zote kama zamani, moja ni yule asiyeweza kazi nzito lakini anatembea na kufanya kazi nyepesi, mbili anajihudumia ila kazi hawezi, tatu anashinda kitandani zaidi ya nusu ya siku, na nne hainuki kabisa. Majaribio mengi hukubali sifuri na moja, machache hufika mbili. Siku mpwa wangu alipopokea yale maswali manane, dada yangu alikuwa moja. Alikuwa akifagia uwanja na kukaanga samaki. Siku tulipopata karatasi ya sita alikuwa tatu, na walipotuandikia kwamba hawawezi kumpokea hawakukosea, kwa maana mtu niliyekuwa nikimgeuza ubavu kila baada ya saa mbili asingeivuka hata safari. Tulimzika Ujiji. Kwa hiyo ninaposoma kwamba wanawake wetu hawajitokezi, nataka nijue mwandishi alitafuta wapi, maana dada yangu alikataliwa kwa barua kabla ya kuandikishwa, hivyo katika orodha ya jaribio lile hayumo hata miongoni mwa waliokataliwa, na yeyote atakayehesabu ataona kwamba Nguruka haikutoa mtu.

Na kwa kuwa nimeanza kusema, niseme na hili la vidonda vya tumbo. Mwanamke aliyepita miaka 50 akija na tumbo lililojaa, kushiba upesi, maumivu ya nyonga na kwenda haja ndogo mara kwa mara, na dalili hizo zikakaa wiki baada ya wiki, hapaswi kurudishwa nyumbani mara nne na dawa zilezile. Altrasaundi zipo, lakini huku kwetu bado watu wengi wanaziona kama mashine za wajawazito, na bibi akipanga foleni pale huchekwa. Uingereza walifuatilia wanawake zaidi ya 200,000 na mwaka 2021 wakatangaza kwamba kuwapima damu na altrasaundi wasio na dalili hakukupunguza vifo vya saratani hii. Ikiwa kuwapima wote hakusaidii, basi tumebakiwa na sikio la mganga wa zahanati. Miezi saba ya vidonda vya tumbo ni miezi saba ya kuteremka katika kile kipimo cha nguvu, kabla hata ya kuijua saratani yenyewe.

Vipo pia vigezo vichache ambavyo nadhani vinapaswa kuangaliwa upya na wenye mamlaka, na hapa makala yenu ilipita haraka mno. Majaribio mengi hudai seli nyeupe za damu ziitwazo nyutrofili zisipungue 1,500 katika kila mikrolita, ilhali watu wengi wenye asili ya Afrika huwa na kiwango cha chini ya hapo wakiwa wazima kabisa, kwa sababu ya urithi wa damu unaohusiana na kinga dhidi ya aina mojawapo ya malaria. Mwanamke wa Kasulu aliyerithi damu hiyo anaweza kuambiwa damu yake haifai wakati haina kasoro yoyote. Vivyo hivyo kwa wenye VVU, ambao kwa miaka mingi walifungiwa mlango bila kuulizwa wanaendeleaje, hadi mwaka 2020 mamlaka ya dawa ya Marekani ilipotoa mwongozo kwamba wale ambao virusi vyao vimedhibitiwa wasienguliwe bila sababu ya msingi. Ningependa kusikia mwongozo wa aina hiyo ukisemwa kwa Kiswahili.

Sasa pendekezo langu. Nimefanya kazi ya mizigo kwa miaka 31. Gunia la dagaa lililotoka Kigoma kwenda Tabora lilikuwa na hati yenye nakala tatu: moja ilibaki stesheni, moja ilisafiri na gunia, na moja alipewa mwenye gunia. Mtu akija baada ya mwaka kuuliza, tulimjibu uzito, tarehe na behewa. Siwezi kukubali kwamba kipande cha nyama kilichotolewa tumboni mwa binadamu kipewe heshima pungufu ya ile ya gunia la dagaa. Kila mwanamke anayetibiwa saratani ya ovari apewe kadi ngumu, ukubwa wa kadi ya kliniki ya wajawazito, yenye mistari saba: tarehe ya upasuaji na kiasi cha uvimbe kilichobaki, aina ya seli na daraja lake, hatua ya ugonjwa, dawa, mizunguko na tarehe ya dozi ya mwisho ya platinamu, namba ya kipande kilichohifadhiwa kwenye nta na jina la maabara inayokitunza, majibu ya BRCA, na kama hayapo iandikwe wazi kwamba hajapimwa, na mwisho VVU na homa ya ini. Iandikwe kwa wino usioyeyuka kwa maji. Nakala moja ibaki alikopasuliwa, moja iende anakopewa dawa, moja ailaze chini ya mto wake.

Tena, kwa kuwa hakuna jaribio la dawa linaloanza nchini bila kibali cha kimaadili cha NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa, na kibali cha TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, vibali hivyo viwe na sharti kwamba vipimo vya damu vya katikati ya mizunguko vinaweza kuchukuliwa katika hospitali za mikoa yetu, Maweni ya Kigoma au Kitete ya Tabora, na kwamba nauli ya mgonjwa na ya mtu wa kumsindikiza ilipwe kabla ya safari, si kurejeshwa baada ya miezi.

Kadi hiyo nimeichora mwenyewe kwa rula, na nimeiambatisha na barua hii, nakala tatu. Naomba moja mmpe mwandishi wa ile makala.

Karani mstaafu wa mizigo,
Ujiji, Kigoma