Mbona Umenilipisha Kupima Kamba?

"Fundi, mimi nilileta tundu. Hii ya kupima kamba imetoka wapi?"

Ndivyo alivyoniuliza mteja mmoja alipokuja kuchukua tiara yake, risiti mkononi. Nilimweleza, akalipa, lakini aliondoka na uso wa mtu aliyepunjwa. Si wa kwanza mwaka huu, wala si wa tatu. Basi niandike mara moja, mwingine akiniuliza nimpe hapa asome huku naendelea na mshono wangu.

Nazungumzia tiara za foili, hizi za kitambaa kitupu mnazovutwa nazo juu ya mbao za magurudumu. Hazina fito, hazina mirija ya kujazwa kwa pampu. Upepo unaingia kwenye midomo ya mbele, unajaza vyumba, kitambaa kinakuwa bawa. Domina Jalbert alipata hataza ya wazo hili mwaka 1966, na mpaka leo humo ndani hakuna kigumu chochote. Umbo lote linashikwa na mbavu za kitambaa, yaani kuta zinazogawa vyumba, na nyuzi za hatamu, zile fupi zinazotawanyika kutoka kamba ndefu hadi tumbo la bawa. Kwa hiyo anayeniambia "tiara ni nzima, kamba tu ndizo mbovu" ananiambia nyumba ni nzima, nguzo tu ndizo zimeoza.

Na kamba hazibaki kama zilivyotoka kiwandani. Safu za mbele za hatamu ndizo zinazobeba mzigo, basi zinarefuka. Za nyuma na za breki, zile zinazovuta ukingo wa nyuma wa bawa kuipunguza kasi, hazibebi kitu cha maana. Zinapata mchanga na unyevu, zinajikusanya, zinafupika. Ukizitumia msimu mzima, ni sawa na kurusha tiara huku umekanyaga breki bila kujua. Inapanda kwa uzito, inabaki nyuma, upepo ukilegea kidogo tu inashuka kinyumenyume mpaka chini. Mwenyewe anasema kitambaa kimechoka. Kama niliwahi kuishona, anasema fundi kaiharibu.

Sasa kupima kwenyewe. Kamba nne ndefu, mbili kuu za mvuto na mbili za breki, zile za mita 20 au 25, ni kazi ndogo: nachomeka kigingi, navisha vitanzi vyote vinne, natembea mpaka mwisho, nazivuta pamoja kwa uzito wa mwili. Iliyozidi inaonekana hapo hapo. Hatamu ndiyo inayokula siku. Kila uzi naufungua, nautundika na mzigo ule ule wa kilo tano, nausoma kwenye rula ya ukutani, naandika. Kisha nalinganisha kushoto na kulia, kisha zote na jedwali la vipimo la mtengenezaji kama lipo. Tofauti ya sentimita moja naiona mimi. Ikifika tatu utaiona wewe, angani. Kiraka cha mteja wangu yule kilikuwa kazi ya saa moja. Hatamu yake ilinichukua kuanzia asubuhi mpaka alasiri, na upande mmoja wa safu ya kwanza ulikuwa umezidi mwenzake kwa sentimita mbili na nusu. Tundu alilileta yeye, lakini aliyelitoboa ni ule upande mrefu: tiara ilikuwa ikimvuta pembeni kila mara, mpaka siku moja ikamwangukia kwenye mawe.

Niseme sasa juu ya fundo, maana hapa ndipo watu wanapojiumiza. Kamba hizi ni za Dyneema, aina ya nyuzi za plastiki: nyembamba, zinateleza, na zina nguvu kuliko zinavyoonekana. Lakini ukiipiga fundo katikati, unaweza kuipunguzia karibu nusu ya nguvu hiyo. Jamaa mmoja alikatikiwa na kamba kuu ya kushoto. Akanunua kamba ya nailoni, ile ya mafundi ujenzi ya kunyooshea ukuta, akaunga. Nailoni inavutika. Upepo mdogo tiara ilikwenda sawa. Ukija mkali, kushoto kunarefuka, tiara inakimbilia kulia. Akapiga fundo kushoto ili aifupishe. Sasa upepo mdogo inakwenda kushoto, mkali inakwenda kulia. Akapiga jingine kwenye breki. Alipoileta kwangu fundo la kwanza lilikuwa limeshakatika katikati ya mvuto, tiara ikazunguka na kupiga chini kwa pua. Ikipiga kwa pua, hewa ya ndani haina pa kutokea, inapasua mbavu. Mbavu nne. Kuzifikia lazima nifumue mshono wa nyuma, niigeuze tiara ndani nje kama foronya, nishone, nirudishe. Gharama ile ingemnunulia seti nzima ya kamba mpya na chenji ibaki.

Kiberiti nacho wekeni mbali. Nailoni unaichoma ncha isifumuke, sawa. Dyneema inayeyuka kwenye nyuzi joto 150 hivi, na pale ulipochoma panakuwa pagumu kama mfupa wa samaki, kisha pananyofoka. Ndiyo maana pia sitaki kamba ya mtu ipite juu ya kamba ya mwenzake iliyosimama: ile inayokimbia inaisugua iliyotulia mahali pamoja, na joto linaikata kama msumeno.

Mtasema nakuza mambo. Upepo ukitoka kilomita 20 kwa saa ukafika 40, mvuto haurudufu tu, unakuwa mara nne. Na chini yako hakuna maji, kuna changarawe.

Kuna moja ambayo sitaki hela yako. Tiara mpya ikianza kurudi kinyumenyume baada ya siku chache, usikimbilie kusema nimekuuzia mbovu. Kamba kuu mpya hurefuka mwanzoni, breki hubaki zilivyo. Angalia vile vifundo vya kiwandani kwenye vishikio (hivyo vimewekwa kwa kazi hiyo, si vya kwangu kuvigombeza), sogeza breki zote mbili kifundo kimoja nje, urushe tena. Tiara ikiwa juu ya kichwa na mikono imetulia, kamba za breki zinatakiwa zibonyee kidogo kwa upepo. Zikiwa zimenyooka kama za gitaa, sogeza kingine. Ikigoma bado, ndipo uje.

Na ukija, lete kamba zake zote pamoja na vishikio. Mafundo uliyopiga usiyafungue njiani kwa aibu; yananionyesha tatizo lilianzia upande gani. Mchanga ulio ndani ya vyumba umwage huko huko nje, jamani, si juu ya meza yangu ya kushonea.