Watoto wasemeshwe darasani kabla ya kudaiwa insha

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze jambo linalonikera kwa muda mrefu kuhusu ufundishaji wa Kiswahili katika shule zetu za msingi, hasa wakati huu ambapo mtaala mpya unapanda darasa hadi darasa na mijadala mingi inahusu idadi ya miaka ya masomo na uhaba wa majengo kuliko kile ambacho mtoto anajifunza kukifanya kwa ulimi na kwa kalamu yake. Mimi ni mwalimu mstaafu wa Kiswahili, na kwa sasa ni mjumbe wa kamati ya shule kijijini kwetu, kwa hiyo mengi ya ninayoyaandika nimeyaona kwa macho.

Tangu mtaala wa darasa la kwanza na la pili ulipobadilishwa mwaka 2015 ili uelemee stadi za kusoma, kuandika na kuhesabu, yapo mafanikio ambayo si haki kuyabeza. Walimu wengi walipata mafunzo kazini, watoto wakaanza kufundishwa sauti za herufi badala ya majina yake, na upimaji wa darasa la pili, ambapo mtoto huitwa na kupewa kifungu akisome kwa sauti, ulituonyesha wazi nani anasoma na nani anaigiza. Kiswahili chenyewe kinatusaidia: irabu ni tano tu, na maneno hutamkwa karibu kama yalivyoandikwa, hivyo mtoto aliyekwisha kushika namna ya kuunganisha sauti anaweza kulisoma karibu neno lolote, hata lile asilolijua maana. Hapo ndipo penye mtego. Mtoto anaweza kukusomea aya nzima bila kujikwaa, na ukimwuliza aya hiyo imesema nini, akakukodolea macho.

Stadi za lugha ni nne, yaani kusikiliza, kuzungumza, kusoma na kuandika, na kila mwalimu aliyepita chuoni anazifahamu. Lakini katika ratiba ya kila siku hizo mbili za kwanza zimeachwa zijiotee, kana kwamba kila mtoto anakuja nazo kutoka nyumbani. Kwa mtoto wa Usukumani, Ugogoni au Umasaini anayekutana na Kiswahili kwa mara ya kwanza katika darasa la awali, dhana hiyo haina ukweli wowote. Hata mtoto wa mjini, ambaye Kiswahili ndiyo lugha ya mama yake, anakuja na Kiswahili cha kuombea maji na cha kuchezea na wenzake. Kueleza jambo likaeleweka kwa mtu ambaye hakuwepo, lilivyoanza, lilivyoendelea na kwa nini likaishia lilipoishia, ni kazi nyingine ambayo haiji bila kufundishwa.

Hali ilivyo ni kwamba watoto wetu huitikia zaidi kuliko kuzungumza. Darasa lina watoto 80, mahali pengine 100 na zaidi, ilhali kiwango kinachotajwa na Serikali ni 45. Mwalimu ananyanyua kadi yenye neno, darasa zima linalitamka kwa pamoja. Anauliza kama wameelewa, darasa zima linasema ndiyo. Siku moja nilikaa dawati la nyuma katika kipindi cha namna hiyo, pembeni ya binti wa darasa la pili ambaye muda wote alikuwa anatazama midomo ya jirani yake na kutamka mara tu baada yake. Vitabu vilipofunguliwa alisoma ukurasa wote bila kosa, ila kidole chake kilikuwa bado mstari wa tatu wakati mdomo ulikwisha fika wa tano. Nilimwomba asome tena kuanzia mstari wa chini, akanyamaza, alikuwa amekariri. Katika ukurasa huo palikuwa na picha ya mbuzi, nikamwuliza kama kwao kuna mbuzi. Binti yule akaanza kunisimulia jinsi mbuzi wa bibi yake alivyotafuna kanga iliyoanikwa, na bibi alivyomkimbiza mpaka kwa jirani, kwa sentensi zilizonyooka na zenye mpangilio. Niliandika sentensi yake moja kwenye daftari, "Mbuzi wa bibi amekula kanga", naye akaisoma neno kwa neno, kidole kikienda sambamba na mdomo. Mtoto huyu maneno anayo. Kilichokosekana ni mtu wa kumsemesha, kisha kumwonyesha kwamba alichokisema ndicho kinachoandikwa.

Hata makosa ya tahajia tunayolalamikia mengi yake huanzia mdomoni. Mtoto ambaye katika lugha ya kwao r na l hazitofautishwi huandika "kurara" kwa sababu ndivyo anavyotamka na ndivyo anavyosikia. Asemaye "zahabu" na "samani" ataviandika hivyo hivyo mahali pa dhahabu na thamani, na asiyetamka h ataiacha au kuipachika pasipohusika. Mwalimu huzungushia kalamu nyekundu, mtoto hunakili neno sahihi mara kumi, na wiki inayofuata kosa linarudi, kwa kuwa hakuna aliyemsikiliza akitamka na kumrekebisha taratibu, bila kumfanya achekwe mbele ya wenzake. Hili la mwisho nalisisitiza, kwa sababu mtoto aliyechekwa darasa zima kwa lafudhi yake anaweza kukaa muhula mzima bila kunyoosha mkono.

Wala hatuhitaji kuagiza mbinu kutoka mbali. Vitendawili, hadithi na majibizano vilikuwa vinatufundisha kusema mbele za watu muda mrefu kabla ya shule hizi kujengwa. Mtoto anayesema "Kitendawili!" na kujibiwa "Tega!" amepewa zamu yake peke yake, na wote wanalazimika kumsikiliza. Siku hizi katika shule nyingi hata ngonjera, yaani mashairi ya kujibizana, zimebaki kwa ajili ya mgeni rasmi, tena zimetungwa na mwalimu na watoto wamezikariri.

Najua walimu wenzangu watauliza jambo hili litawezekanaje kwa watoto 100 na kipindi kifupi. Swali ni la haki, na uhaba wa walimu si wa kufumbia macho. Hata hivyo, watoto wakigeukiana wawili wawili na kila mmoja akamweleza mwenzake alichofanya jana jioni, darasa zima linakuwa limezungumza kwa dakika chache, huku mwalimu akipita katikati na kusikiliza jozi tano au sita kila siku. Kelele zitakuwepo, na mwalimu mkuu pamoja na wathibiti ubora wa shule wazizoee, wasimhesabu mwalimu huyo kuwa ameshindwa kulitawala darasa. Kwa daftari za insha, mwalimu si lazima asahihishe zote kwa mkupuo. Safu moja ya madawati ikikusanya Jumatatu na nyingine Jumanne, kila mtoto atasahihishiwa mara moja kwa wiki, na hao wengine watasomeana walichoandika.

Yote haya, lakini, yatagonga mwamba kwenye mtihani, kwa sababu mwalimu hufundisha kile kitakachoulizwa, na wazazi humpima kwa hicho hicho. Tangu mwaka 2012, karatasi za majibu za mtihani wa kumaliza elimu ya msingi zilipoanza kusahihishwa kwa mashine, kazi kubwa ya mtahiniwa imekuwa kusiliba herufi, yaani kuitia kivuli herufi ya jibu alilochagua. Maswali machache ya majibu mafupi yaliongezwa baadaye, jambo ambalo napongeza. Lakini kwa miaka mingi sehemu iliyoitwa utungaji katika mtihani huo ilimtaka mtoto azipange kwa kuzipa herufi sentensi zilizotungwa na mtu mwingine, wala si kutunga ya kwake hata moja. Katika upimaji wa darasa la nne mtoto husikiliza imla na kuandika kwa mkono wake. Akifika mwisho wa elimu ya msingi, tunamdai maandishi machache kuliko tuliyomdai akiwa na miaka kumi. Kijana huyu ndiye anayekwenda kidato cha kwanza, ambako hutakiwa kuandika aya kwa Kiingereza ilhali hajawahi kudaiwa aya hiyo kwa Kiswahili katika mtihani huo.

Kwa kuwa Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, toleo la 2023, imepunguza elimu ya msingi kuwa ya miaka sita, mtihani wa kuimaliza hauna budi kutungwa upya. Naiomba Wizara ya Elimu, pamoja na Taasisi ya Elimu na Baraza la Mitihani, iitumie fursa hii kurudisha insha halisi, hata kama ni ya aya mbili tu. Natambua kwamba watahiniwa ni zaidi ya milioni moja na kwamba kusahihisha kwa mkono kunahitaji fedha na siku nyingi. Kama mzigo huo ni mkubwa mno kwa taifa, insha zisahihishwe katika ngazi ya kata na walimu wa shule nyingine, na Baraza lichukue chache za kuhakiki. Aidha, katika darasa la kwanza na la pili ratiba itamke wazi muda wa mazungumzo wa kila siku, na upimaji wa darasa la pili uongezewe swali moja ambalo halina jibu kitabuni: mtoto aonyeshwe picha, aulizwe anaona nini, na mwalimu amwache aseme mpaka amalize.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mwalimu mstaafu,
Korogwe, Tanga.