Hamisi, ile karatasi ya mfuko wa saruji

Shangani, Mtwara
Agosti

Ndugu yangu Hamisi,

Asalaam aleikum. Natumaini u mzima, shemeji mzima, na watoto wazima. Huku hatujambo, kusi inavuma kama desturi yake ya mwezi huu, vumbi mpaka kwenye kopo la sukari. Najua nimekaa kimya tangu msiba wa Mama Zuhura. Na wewe umekaa kimya vilevile, kwa hiyo ngoma droo, tusilaumiane.

Kilichonishikisha kalamu ni ile karatasi. Usijifanye hujui karatasi gani. Ile ya mfuko wa saruji uliyochorea ndege yetu ya kwanza, ukaikunja ukaitia ndani ya atlasi siku unahamia Dodoma. Naihitaji. Hata ukiipiga picha kwa simu itafaa, mradi vipimo vionekane, ila ukinitumia yenyewe kwa basi nitakuombea dua.

Watoto wa Mfaume na wenzao wameamua kufufua klabu yetu ya kuunda na kurusha ndege ndogo za mfano. Jambo jema, sina neno. Wakaja kuniuliza ilianzaje, kumbe baba yao keshawajaza maneno kwamba klabu ilianza siku redio ya kuongozea ndege ilipofika. Redio! Redio ilitukuta tumeshakonda kwa kukimbiza ndege za kusokota raba. Nikamwambia mbele ya wanawe, wewe kazi yako siku zile ilikuwa kupanda mikorosho kushusha mabawa yaliyonasa. Akacheka, lakini kauli hakubadili. Unamjua.

Mimi nahesabu kuanzia zile jioni tulizokuwa tukisimama kuangalia Fokker Friendship, ile ndege ya abiria ya ATC, shirika la ndege la nchi, ikija kutua. Mabawa yake yako juu ya kiwiliwili, ndiyo maana na wewe ukachora yetu hivyohivyo, ukatuambia ndege ya namna hiyo haipinduki ovyo kwa kuwa uzito unaning'inia chini ya bawa. Ulikuwa na injini mbili kwenye mchoro, ukafuta moja ulipoona raba tuliyonayo inatosha propela moja tu. Balsa, ule mti mwepesi wa kuundia ndege hizi, tuliisoma vitabuni. Mti wa Ekwado utaupata wapi Mtwara, wakati sabuni yenyewe ilikuwa ya foleni? Mzee Kolo ndiye aliyesema chongeni msufi. Miaka mingi baadaye nikaja kusoma kwamba msufi na balsa ni ukoo mmoja, na yule mzee wa watu kitabu hakuwahi kukifungua. Mbavu za bawa zikawa mianzi iliyopasuliwa, juu karatasi ya tiara, gundi utomvu wa mkorosho uliolowekwa usiku kucha. Raba ilikuwa tyubu ya akiba ya baiskeli ya babu yako, tuliyoikata kamba nyembamba tukaipaka mafuta ya nyonyo isikatike ikisokotwa. Marehemu aliitafuta tyubu ile mpaka anaingia kaburini, Mungu amrehemu.

Na unakumbuka ilivyokuwa ikitutia aibu? Ukiirusha, inainua pua, inasimama hewani, halafu inashuka kwa mkia. Tukalaumu upepo, tukamlaumu Mzee Kolo, Mfaume akasema ina jicho la mtu. Wewe ukaibeba juu ya ncha za vidole viwili, kimoja chini ya kila bawa, ikalalia mkia. Ukasema lazima ilale sawa vidole vikiwa theluthi ya kwanza ya bawa kutoka mbele. Ukashuka pwani kwa wavuvi, ukarudi na chubwi za mshipi, ukazifunga puani kwa uzi. Kilichofuata Mfaume anakijua, anajisahaulisha tu. Ilipanda, ikakata kona juu ya mikorosho, kusi ikaidaka, ikashika njia ya Mikindani bila nauli. Tulipoifikia ilikuwa mikononi mwa mzee mwenye shamba, anataka kujua nani anamrogea korosho zake. Mimi nasema klabu ilianza pale, wakati unamshika miguu yule mzee atupe ndege yetu.

Redio ilikuja na yule mhandisi wa bandarini. Sikatai, ilitupa heshima mjini. Lakini Mfaume amewaambia wanawe habari ya vibanio? Redio mbili, zote za megahezi 27, fuwele, vile vipande vya kuchagulia mawimbi, za rangi moja, hakuna aliyeangalia. Mmoja akawasha, ndege nyeupe iliyokuwa juu ikaanza kupokea amri za watu wawili, ikajikita katikati ya uwanja mpaka propela ikabidi ichimbuliwe. Ndipo vikaletwa vibanio vya nguo, kila kimoja kimepakwa rangi ya mawimbi yake, vinakaa ubaoni. Usipokuwa na kibanio huwashi redio, hata uwe mhandisi. Vijana wa leo wana redio za gigahezi 2.4, kila moja inamjua mpokeaji wake, wakisikia habari ya vibanio wanacheka.

Wacheke, lakini pua inawashinda! Wameunda ndege kwa lile povu jeupe la boksi la friji, mota ya umeme, betri ya lithiamu, na betri wenyewe wanaichomeka popote palipo na nafasi. Juzi ikainua pua, ikasimama, ikashuka kwa mkia. Nikawaonyesha vidole viwili. Wakaniangalia kwa adabu tu, ile adabu ya kumsubiri mzee amalize. Mchoro wataukubali, hawa wanaamini kitu chenye vipimo.

Tena kuna jingine. Kama kumbukumbu yangu haijaliwa na mchwa, pembeni mwa ile karatasi uliandika kwa kalamu nyekundu: "Chubwi mbili puani. Mfaume usiguse." Sasa kama Mfaume alikuwepo wa kuambiwa asiguse, klabu ilianza na redio vipi? Nataka nimsomee hilo mbele ya wanawe, taratibu, neno kwa neno.

Habari za vibali vya TCAA, wale wa mamlaka ya usafiri wa anga, nimemwachia Mfaume, maana anapenda ofisi.

Atlasi ipo, au wajukuu wameshaichana? Mabegi ya wakati ule shemeji hakuyatupa? Propela tuliichonga kwa mti gani, mbona nimesahau kabisa? Mgongo wako unaendeleaje? Na yule binti wa Posta, ni kweli yuko huko Dodoma, au ni umbea wa Mfaume? Utakuja msimu wa korosho, ama mpaka tukutane msibani tena?

Ukiipakia kwenye basi nipigie, nitakwenda stendi mwenyewe.

Wako,
Saidi

N.B. Mfaume akikupigia kabla yangu, mwambie karatasi imepotea.